Folda ya Mgwashi

Nilikuwa nimechoka. Nalisema mapema, kwa sababu kila ninayemsimulia habari hii huniuliza akili yangu ilikuwa wapi siku ile, na jibu jingine sina. Ilikuwa wiki yenye harusi tatu, kipaimara kimoja, na mheshimiwa mmoja aliyetaka tangazo la sekunde thelathini akalirudia mara kumi na tisa. Miaka ishirini na miwili nimekaa Lushoto nikirekodi watu. Sikio langu la kushoto linavuma siku nzima, mgongo unaniuma nikikaa na unaniuma nikisimama, na mtu akiniita tu, "Mansuri!", najua anataka nimpunguzie mwangwi kidogo.

Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme, karibu na soko. Mimi ni mtu wa Tanga, Mwislamu, na kazi yangu kubwa ni kwaya za Kilutheri. Hapa hilo halimshangazi mtu. Nyimbo zao nazijua kwa ghibu kuliko baadhi ya waimba besi wao, ambao naamini huja kwa ajili ya safari na chai.

Kwaya ya Mgwashi ilikuja mwezi wa tatu, mvua inanyesha. Walikuja watu ishirini na sita kwenye magari mawili, matope mpaka magotini, nao walitaka nyimbo nane zirekodiwe siku moja kwa sababu barabara ya Bumbuli ilikuwa inaanza kukatika. Kazi ya namna hiyo siipendi. Nilitaka kuwarudisha. Lakini mwenyekiti wao, mzee Sefania, alinivuta pembeni akaniambia kwamba Yusta, mwimbishaji wao, anakwenda kupasuliwa koo baada ya wiki mbili. Ana rovu, limekaa vibaya, limezunguka mshipa wa sauti. Daktari amemwambia wazi kwamba uhai atabaki nao, sauti huenda asibaki nayo.

"Sasa yeye mwenyewe kasema tuje," akasema mzee Sefania. "Anataka sauti yake iwekwe mahali kabla ya kisu."

Yusta nilimfahamu. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameimbisha mbele ya maikrofoni zangu, mama wa miaka sitini hivi, mfupi, mkulima wa chai na maharage, mwenye sauti iliyokuwa ikinifanya niache kuangalia kompyuta nikaangalia ukuta. Kila akiingia ananisalimu kwa Kishambaa, "Onga maundo, Mansuri!", namjibu vibaya makusudi, anacheka. Siku hiyo alikuwa amejifunga skafu shingoni, na pumzi yake ilisikika hata ukiwa mlangoni. Kabla ya kila mstari alivuta hewa kama mtu anayeburuta gunia.

Sasa mimi nina tabia moja inayojulikana wilaya nzima. Nafuta pumzi. Mwimbaji akivuta hewa kati ya mistari, naikata ile hewa, natupa, wimbo unabaki safi. Wananitania wananiita Sabuni. Yusta alijua. Alipomaliza wimbo wa tatu, uliokuwa wake hasa, akanijia akiwa bado amevaa hedifoni.

"Mansuri, pumzi zangu usizifute."

"Mama, zinasikika mno. Watu watadhani ni upepo."

"Wadhani. Mtu asiyepumua anaimbaje? Watasema Yusta alikuwa ameshakufa, wakamrekodi."

Kwaya nzima ikacheka. Nikamwambia basi, nitazipunguza tu, sitazifuta. Akanishika mkono ili niahidi. Nikaahidi.

Hapa inabidi nieleze kidogo kazi inavyokwenda, ili mnilaumu kwa haki. Katika programu ninayotumia, wimbo una vitu viwili. Kuna mafaili ya sauti yenyewe, mazito, kila mara mtu akiimba linazaliwa moja. Halafu kuna faili la wimbo, jepesi sana, ambalo ndani yake hakuna sauti hata chembe. Hilo ni kama orodha ya waalikwa wa harusi. Linasema: fulani akae hapa, fulani aingie dakika ya pili. Orodha unaweza kuwa nayo mfukoni, na waalikwa wasiwepo hata mmoja.

Kwa kawaida kila wimbo naupa folda yake. Siku ile ya mvua, kwa haraka ya kwaya yenye safari na umeme unaokatika kila saa, niliweka nyimbo zote nane kwenye folda moja nikaiandika "Mgwashi". Nilisema nitazitenganisha wakiondoka. Walipoondoka nikajilaza kwenye benchi.

Yusta alikwenda kupasuliwa. Mimi nikaanza kazi polepole, na nilianza na ule wimbo wake wa tatu, kwa sababu ya ile ahadi. Nilikata pumzi zake zote, moja moja, nikazitoa nje kama mafaili madogo, nikaziweka kwenye folda nyingine ili nizipunguze sauti kwa utulivu. Nikamaliza na wimbo wao wa kwanza, halafu zikaja harusi, na Mgwashi nikaiweka kando.

Mwezi wa tano kompyuta ikajaa. Nilikuwa katikati ya kazi ya watu, programu ikasimama, ikasema hakuna nafasi. Nikafungua wimbo wa kwanza wa Mgwashi, ule wa kuingilia ibadani, uliokuwa umekwisha kabisa, nikabonyeza sehemu ya kusafisha folda. Programu ikaniletea orodha: mafaili mia tatu na arobaini hayatumiki katika wimbo huu, je, uyafute? Ikaongeza kwamba yakishafutwa hayarudi. Nikadhani ni yale majaribio, makosa, watu waliokohoa. Nikabonyeza ndiyo. Nakumbuka hata nilifurahi kuona nafasi iliyopatikana.

Hayakutumika katika wimbo huu, ni kweli. Yalitumika katika nyimbo saba nyingine zilizokuwa folda ileile.

Nilikuja kujua siku nne baadaye, nilipofungua wimbo wa tatu. Dirisha likatokea: mafaili hayapatikani. Nikafungua wa pili, hayapatikani. Wa nne, hayapatikani. Nikazima kompyuta, nikaenda nje nikasimama karibu na wauza plamu kama mtu anayetaka kununua. Mama mmoja akaniuliza nataka kilo ngapi, nikageuka nikarudi ndani. Kwa siku hizo nne nilikuwa nimerekodi kaswida na harusi nzima juu ya nafasi ileile, na mtu yeyote wa kazi hii anajua maana yake: kilichofutwa kimeshafunikwa.

Hata hivyo nilijaribu. Diski niliichomoa nikaifunga kwenye taulo, nikamkabidhi kondakta wa basi la kushuka Mombo mpaka Tanga, kwa fundi ninayemwamini. Siku ya tisa akairudisha kwa basi lilelile, akanipigia. Amepata vipande vya kaswida na picha za harusi ya mtu. Sauti ya mwanamke anayeimba hakuipata.

Siku hiyo hiyo nilisikia kwamba Yusta amerudi nyumbani, baada ya wiki nyingi za kuuguzwa karibu na hospitali. Kisu kilikwenda vizuri, rovu limetoka lote. Anaongea kwa kunong'ona, na daktari amesema itabaki hivyo.

Nilimpigia mzee Sefania kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumpigia mwingine. Nilipomaliza kumweleza akaanza kucheka kwa furaha.

"Wewe Mansuri unatutisha bure! Kopi tunayo. Mwezi wa tatu wakati mnakunywa chai mimi mwenyewe nilinakili nyimbo zote nane kwenye flashi yangu. Naijua kompyuta, nilikuwa karani wa ushirika wa chai Mponde miaka kumi."

Alikuja kesho yake, gari la kwanza. Flashi ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya bahasha, ndani ya Tenzi za Rohoni. Shikamoo yangu hakuimaliza kuiitikia, akanipa. Nikaichomeka. Nyimbo nane zilikuwemo, majina yote sawasawa, na zote kwa pamoja zilikuwa ndogo kuliko picha moja ya simu.

Alikuwa amenakili orodha. Waalikwa hawakuwemo.

Nilimweleza taratibu. Mzee wa watu alivua kofia akaiweka magotini. "Lakini majina yanaonekana," akasema. "Si haya hapa, yanaonekana." Nikasema ndiyo mzee, yanaonekana. Sijawahi kujichukia kama saa ile, na nilimchukia na yeye kidogo, kwa kuwa alinipa matumaini usiku mmoja.

Ni yeye aliyetoa lile wazo. Kwaya ingerudi kuimba upya nyimbo saba. Na kwenye nafasi ya Yusta angeimba Eliza, binti yake wa kwanza, ambaye sauti yake na ya mama yake hata baba yake alikuwa akizichanganya wakiitika kutoka shambani. Albamu ingezinduliwa Sikukuu ya Mavuno kama ilivyotangazwa. Yusta angesikia, angefurahi, na hakuna ambaye angemwambia.

"Ni mgonjwa," mzee Sefania akasema. "Alikwenda kwenye kisu akiwa na amani kwa sababu ya hii kazi. Ukimwambia imepotea, utakuwa umempasua mara ya pili. Tumsitiri."

Nikakubali. Nilijiambia nakubali kwa ajili ya Yusta, lakini nilikubali kwa ajili yangu. Nilikuwa naona aibu, na uongo ule ulikuwa unanifaa.

Walikuja Jumamosi. Hakuna aliyenitania kwa jina la Sabuni. Heri, mpiga kinanda wao, aliweka mapigo yaleyale ya mwezi wa tatu, maana kinanda chake kinayatunza, wakaimba wimbo baada ya wimbo kama watu wanaochimba kaburi. Eliza aliimba vizuri. Nasema kweli, aliimba vizuri sana, na kila akimaliza mstari aliniangalia kupitia kioo kwa jicho ambalo sikulipenda.

Wenzake walipotoka kunywa chai, alibaki.

"Kaka Mansuri, mama akiniuliza nilikuja Lushoto kufanya nini, nimjibu nini?"

"Mwambie mlikuja kurekebisha sauti za nyuma."

"Sijawahi kumdanganya mama kitu kikubwa," akasema. Akachukua kanga yake akatoka. Chai hakunywa.

Wiki iliyofuata nilichanganya nyimbo. Mwili ulikuwa mzito, kila kitu kilinichukua mara mbili ya muda wake. Wimbo wa tatu ulikataa. Sauti ya Eliza ilikuwa sawa na ya mama yake, lakini ilikaa kwenye wimbo kama nguo ya kuazima. Sikukumbuka Yusta alikuwa anaingia wapi hasa, anavuta wapi, anawahi wapi. Nikaamua kufungua lile faili la zamani, walau nione mipaka ya mistari yake. Mpaka siku hiyo, kila nilipolifungua na lile dirisha la mafaili hayapatikani likatokea, nililifunga palepale. Sikuweza kuliangalia. Mara hii nikabonyeza: endelea bila mafaili.

Wimbo ukafunguka. Visanduku vyote vilikuwa mahali pake, vitupu, vyeusi, mstari wa Yusta mtupu, soprano tupu, besi tupu. Nikashuka chini nikitafuta kipimo cha mapigo. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja wenye vipande vidogo vidogo kama punje za ulezi, na ndani ya kila kipande kulikuwa na picha ya sauti.

Ile folda nyingine. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Pumzi zake nilikuwa nimezitoa nje ya folda ya Mgwashi kabla sijaisafisha.

Nilibonyeza. Kimya. Kisha Yusta akavuta hewa, ile ya kuburuta gunia. Kimya cha mstari mzima. Akavuta tena. Zilikuwa pumzi arobaini na moja, kila moja kwenye sekunde yake, kuanzia ubeti wa kwanza mpaka mwisho. Nilikaa nikazisikiliza zote. Kitu nilichokuwa nakitupa jalalani kwa miaka ishirini na miwili ndicho pekee kilichokuwa kimebaki cha mwanamke yule katika wimbo wake, na kilibaki kwa sababu yeye mwenyewe alikiombea. Nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Halafu nikafanya kitu ambacho mpaka leo sijui ni kosa au si kosa. Nikachukua zile pumzi nikazipanga kwenye wimbo mpya, kila moja mbele ya mstari wa Eliza. Mapigo yalikuwa yaleyale. Zikakaa. Wimbo ukakubali.

Yusta alikuja Alhamisi asubuhi, siku tatu kabla ya uzinduzi. Hakuna aliyemtarajia. Alikuwa ameshuka na gari la mboga, peke yake, skafu imefungwa juu ya kovu. Nilisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Shikamoo mama."

Midomo ikasema marahaba. Halafu akasogea karibu, akaninong'oneza sikioni, lile sikio langu zima, "Onga maundo, Mansuri." Safari hii nilimjibu vizuri, na hakucheka.

"Nimekuja kusikiliza," akanong'ona. "Jumapili kutakuwa na kelele."

Nilimvisha hedifoni. Nilikuwa na maneno tayari kinywani, wallahi nilikuwa nayo, lakini alishafumba macho akisubiri, nikabonyeza wimbo wa tatu.

Akasikiliza ubeti wa kwanza. Akainua kidole: rudia. Nikarudia. Akasikiliza tena huku ameshika koo, akainua kidole tena. Mara ya tatu hakufika mwisho wa ubeti. Akavua hedifoni akaziweka mapajani, akazilaza vizuri kama anavyolazwa mtoto.

"Pumzi ni zangu," akanong'ona. "Anayeimba ni Eliza."

Sikuwa na pa kwenda. Nikamwambia yote. Nikamwambia nilibonyeza mimi, kwa mkono huu, wala umeme haukuhusika, wala mashine haikuharibika kama walivyoambiwa watu, wala si mzee Sefania. Nikamwambia nilikuwa nimechoka, na nilipolisema neno hilo mbele yake nililiona dogo. Mtu aliyeimba nyimbo nane na rovu kooni siku ya mvua naye alikuwa amechoka.

Nje mtu alikuwa anapakia masanduku ya karoti, anahesabu kwa sauti. Nilimngoja anikasirikie. Nilitamani anikasirikie.

"Wote wanajua?" akauliza.

"Wote, mama. Isipokuwa wewe."

"Na Eliza anatembea nyumbani kwangu wiki nzima hainui macho. Nikadhani ana mimba." Mabega yakamtikisika kidogo, na sikujua kama ni kicheko. "Jumapili, mwenyekiti ataje jina la mtoto. Aseme ameimba Eliza. Asitaje langu."

"Nitamwambia."

"Umwambie leo."

"Leo, mama."

Nikadhani ataondoka. Badala yake akazivaa tena hedifoni, akainyooshea kidole kompyuta. "Waondoe," akanong'ona. "Kwaya, kinanda, Eliza. Waondoe wote. Nipe zile zangu."

Nikazima mistari yote, mmoja mmoja, mpaka ukabaki ule wa chini kabisa wenye punje. Nikavaa hedifoni za pili. Nikabonyeza.

Pumzi ya kwanza ikaingia. Yusta akakaa wima. Na katika kile kimya kilichofuata nikaona midomo yake inaanza kutembea. Alikuwa anaimba. Sauti haikuwepo hata ya kunong'ona, shingo tu ilikuwa inafanya kazi chini ya skafu, na maneno ya ubeti wa kwanza niliyasoma moja moja kwenye midomo. Mstari ulipokwisha akafunga mdomo, na palepale, masikioni mwangu, Yusta wa mwezi wa tatu akavuta hewa kwa ajili yake. Akaendelea. Hakuwahi, hakuchelewa, beti zote nne, pumzi zote arobaini na moja.

Ulipokwisha akafungua macho akaniangalia, akainua kidole. Nikarudia.